Nusu Isiyoandikwa: Mathias Kiwanuka na Hesabu za Safu ya Mbele

Tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville, jimbo la Tennessee, kijana wa ukoo wa Uganda alimkumbatia mpinzani wake, akamshika barabara, kisha akamwachia. Alikuwa Mathias Kiwanuka, aliyekuwa na miaka 23, akicheza msimu wake wa kwanza na New York Giants katika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, NFL. Aliyeshikwa alikuwa Vince Young, kwotabeki wa Tennessee Titans, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira. Giants walikuwa wameingia robo ya nne wakiongoza 21–0. Titans wakarudisha hadi 21–14, na sasa walikuwa kwenye nafasi yao ya mwisho, wakihitaji yadi 10. Kiwanuka alishampita mzuiaji wake na kumfikia mtu aliyemtaka. Aliamini mpira umekwisha kutoka mkononi mwa Young, na kumwangusha kwotabeki asiye na mpira ni kosa lenye adhabu. Kumbe mpira ulikuwa bado mkononi. Young akachomoka, akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, na kabla ya kipenga cha mwisho wakashinda 24–21.

Kwenye jedwali la takwimu za mechi ile Young aliandikiwa yadi zake 19. Kiwanuka hakuandikiwa kitu kwa tendo lile, si sifa wala lawama. Kazi ya kumpita mzuiaji wa kilo zaidi ya mia moja aliifanya, na kosa la kuachia pia alilifanya. Yote mawili yalibaki kwenye mkanda wa video na kwenye ndimi za washabiki wa New York, waliomsema wiki nzima.

Jina lake si geni kwa anayeijua historia ya Afrika Mashariki. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kabla Milton Obote hajashika nafasi hiyo mwaka 1962. Idi Amin alimfanya Jaji Mkuu mwaka 1971. Tarehe 21 Septemba 1972 askari walimkamata katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala, wakaondoka naye, na hakurudi tena. Miaka saba baadaye jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala na kumwondoa Amin, lakini familia nyingi zilikwisha kutawanyika duniani. Mathias alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwezi Machi 1983. Alisoma sekondari mjini humo, akaenda Chuo cha Boston, na huko akaangusha makwotabeki mara 37.5, rekodi ya chuo hicho. Mwaka 2006 Giants walimchukua akiwa mchezaji wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza ya uteuzi.

Ile nusu kwenye 37.5 haikuingia kwa bahati mbaya. Wachezaji wawili wakimwangusha kwotabeki kwa pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. Nadhani hakuna mahali pengine katika michezo ambapo wahesabuji wamekiri waziwazi namna hii kwamba hawajui kazi ilikuwa ya nani.

Mpira wa Kimarekani una wachezaji 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, ambazo ni kama mita 9 tu. Wakifika, wanapewa nne nyingine. Wasipofika, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila mkupuo huanza kwa safu mbili kuinamiana uso kwa uso. Upande wa mpira huweka wazuiaji watano, wengi wao wakiwa na kilo 140 hivi, ambao kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kupokea pasi. Wao ni kuzuia tu: wamkinge kwotabeki wao, au wapasue njia ili mwenzao apite na mpira. Mbele yao wanasimama wavamizi, watatu au wanne, kazi yao kuvunja ukuta huo. Kiwanuka, mwenye urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 120, alikuwa mvamizi wa pembeni. Mkupuo mzima huisha baada ya sekunde chache, kisha watu 22 wanaamka, wanapumua, wanaanza tena.

Msomaji wa Bariadi, Itilima au Maswa anaijua safu ya namna hii kutoka shambani. Ngoma ya bugobogobo ilizaliwa katika vikundi vya Wasukuma vya kulima kwa pamoja: watu wanajipanga mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Jioni mwenye shamba huona eneo lililolimwa. Haoni nani alikutana na kisiki, wala nani alipunguza mwendo ili jirani yake asiachwe nyuma. Msimu ukiisha, kinachopimwa ni pamba, na kupimwa kwenyewe kuna historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bariadi ikiwa bado ndani ya wilaya ya Maswa, wakulima wa Usukuma hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe. Katika harakati hizo, Paul Bomani akiwa kiongozi, ulizaliwa mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Leo Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, unaongoza nchini kwa pamba, na kila kilo inapita kwenye mizani. Wazee wetu walipigania kilo zao zihesabiwe kwa haki, na walishinda. Kazi ya mstari, ile ya jembe kwa jembe, haikuwa na mizani popote.

Wamarekani nao walianza na kilo. Ligi yao iliundwa mwaka 1920, na takwimu rasmi zikaanza kutunzwa mwaka 1932: yadi za mkimbiaji, pasi zilizotupwa, pasi zilizopokewa, pointi. Kila hesabu ilimfuata mwenye mpira. Mzuiaji aliyecheza miaka kumi alistaafu bila namba hata moja inayohusu alichokuwa akikifanya, ila idadi ya mechi alizocheza. Kwa zaidi ya miaka hamsini watu watano kati ya kumi na mmoja walifanya kazi ambayo daftari halikuwa na safu wima yake, na mishahara ilipangwa kwa sifa za kocha na kwa kukisia.

Wavamizi ndio walioanza kuonekana. Katika miaka ya 1960 Los Angeles Rams walikuwa na safu ya watu wanne waliotisha: Deacon Jones, Merlin Olsen, Rosey Grier na Lamar Lundy. Jones ndiye aliyekipa kitendo cha kumwangusha kwotabeki jina ambalo Wamarekani wanalitumia hadi leo. Mimi nitakiita angusho. Washabiki walikipenda, magazeti yakakiandika, lakini ligi haikuanza kuhesabu maangusho ya mchezaji mmoja mmoja hadi mwaka 1982. Jones alikuwa amestaafu tangu 1974. Mpaka leo kitabu rasmi cha ligi hakimwandikii hata angusho moja.

Watafiti wawili, John Turney na Nick Webster, hawakukubali. Kwa miaka mingi walipekua kumbukumbu za mechi za zamani, mkupuo kwa mkupuo, wakitafuta nani alimwangusha nani. Mwaka 2021 tovuti ya takwimu ya Pro Football Reference ilichapisha hesabu zao kuanzia mwaka 1960. Jones alipata 173.5, akawa wa tatu katika historia nyuma ya Bruce Smith na Reggie White. Al Baker wa Detroit Lions, ambaye wengi walikuwa wamemsahau, alionekana kuwa na 23 katika msimu mmoja tu wa 1978. Hesabu hizo si rasmi, na ligi haijazipokea. Binafsi naiheshimu kazi hii kuliko nyingi zilizokuja baadaye zikiwa na kompyuta kubwa, maana waliifanya kwa ajili ya watu ambao wengine walishakufa au kuzeeka, bila mshahara wowote wa kubadilika kwa sababu yake.

Hata hivyo angusho lenyewe ni kipimo chenye matundu. Lawrence Taylor wa Giants, pengine mvamizi aliyeogopwa kuliko wote, aliingia ligini mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya hesabu kuanza, na maangusho yake 9.5 ya msimu ule hayamo kwenye jumla yake rasmi ya 132.5. Tarehe 18 Novemba 1985, mbele ya watazamaji wa televisheni nchi nzima, alimwangukia Joe Theismann wa Washington na mguu wa Theismann ukavunjika. Kwenye takwimu lile ni angusho moja, sawa na jingine lolote. Kumbe lilimaliza kazi ya kwotabeki yule moja kwa moja. Mwandishi Michael Lewis alilitumia tukio hilo kufungulia kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu namna mzuiaji wa upande wa kushoto, anayelinda mgongo wa kwotabeki asikoona, alivyogeuka kuwa mmoja wa wachezaji wanaolipwa vizuri zaidi. Soko lilikuwa limeanza kumthamini mtu ambaye daftari lilikuwa bado halimjui.

Kisha kuna lile la Michael Strahan, pia wa Giants. Tarehe 6 Januari 2002 alihitaji angusho moja kuvunja rekodi ya msimu ya Mark Gastineau, 22, iliyowekwa mwaka 1984. Dakika zikiwa zinayoyoma, Brett Favre wa Green Bay Packers alikimbilia upande wake na kujilaza chini karibu bila kuguswa. Strahan akaweka mkono juu yake. 22.5. Wengi walioona waliamini Favre alimpa zawadi rafiki. Tendo lile lisilo na jasho likaandikwa moja kamili, na miaka mitano baadaye, kwenye timu ileile, Kiwanuka alimpita mzuiaji, akamfikia kwotabeki, akamshika, akaandikiwa sifuri.

Mchezo wa tarehe 30 Septemba 2007 unaonyesha tundu jingine. Giants walimwangusha Donovan McNabb wa Philadelphia Eagles mara 12, kufikia rekodi ya ligi kwa mechi moja, wakashinda 16–3. Osi Umenyiora, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Nigeria, alipata 6 peke yake. Kiwanuka alipata 3, na hapo alikuwa amehamishwa kutoka safu ya mbele kwenda nyuma yake, nafasi ambayo alikuwa hajaicheza kwa kudumu. Upande wa pili wa hesabu hiyo alikuwepo kijana Winston Justice, mzuiaji wa Eagles aliyeanza kwa sababu mwenzake mzoefu alikuwa majeruhi. Alisulubiwa na magazeti. Lakini ligi haina takwimu rasmi ya maangusho aliyoyaruhusu mzuiaji. Pale jirani yake angeweza kumsaidia na hakumsaidia, au kwotabeki akakaa na mpira muda mrefu mno, au makocha wakamwacha peke yake dhidi ya mvamizi hatari mechi nzima, nani abebe? Watu wakamtwika mmoja yote, kwa sababu ndiye aliyeonekana kwenye picha.

Wiki chache baadaye, huko Detroit, mfupa wa mguu wa Kiwanuka ulivunjika. Alikuwa pembeni tarehe 3 Februari 2008, safu ya Giants ilipomwangusha Tom Brady mara 5 na kuwafunga New England Patriots 17–14 katika fainali, Patriots waliokuwa hawajapoteza mechi hata moja msimu ule.

Wakati huohuo watu wa hesabu walikuwa wameshalishika suala hili. Mwaka 1988 Bob Carroll, Pete Palmer na John Thorn walitoa kitabu, The Hidden Game of Football, wakisisitiza kwamba yadi hazilingani thamani: yadi tatu ukihitaji mbili ni mali, yadi tatu ukihitaji kumi ni hasara. Safu ya mbele walikuwa bado hawajaipatia dawa. Jaribio la kwanza lililosambaa lilitoka kwa Aaron Schatz, aliyeanzisha tovuti ya Football Outsiders mwaka 2003. Swali lake lilikuwa la haki kabisa: mkimbiaji akipata yadi 30, ngapi ni zake na ngapi ni za wazuiaji? Baada ya kuchambua maelfu ya mikupuo, waliweka kanuni. Akipoteza yadi, safu inabeba lawama kwa asilimia 120. Yadi 0 hadi 4, safu inapewa zote. Yadi 5 hadi 10, inapewa nusu. Kuanzia yadi 11, haipewi kitu, maana huko mbali mkimbiaji anakimbia kwa miguu yake mwenyewe.

Naiona kanuni hiyo kuwa nzuri kwa sababu ya kitu inachokataa kukifanya. Haimtaji mzuiaji mmoja. Inapima safu nzima, watano kama kitu kimoja, na inaishia pale ushahidi unapoishia.

Wengine walitaka zaidi. Mwingereza Neil Hornsby, akiwa mbali na viwanja vya Marekani, alianza kutazama mikanda ya mechi na kumpa kila mchezaji alama katika kila mkupuo, kutoka –2 hadi +2 kwa hatua za nusu, sifuri ikimaanisha ametimiza kinachotarajiwa. Kazi hiyo ikawa kampuni, Pro Football Focus. Mwaka 2014 mtangazaji Cris Collinsworth, mchezaji wa zamani, alinunua sehemu kubwa ya hisa, na hatimaye timu zote 32 za ligi zikawa wateja. Kwa mara ya kwanza mzuiaji aliweza kwenda kwenye majadiliano ya mkataba akiwa na namba yake. Makocha na wachezaji wengi walilalamika, na hoja yao ilikuwa na uzito: mtazamaji hajui mchezaji alielekezwa nini. Mvamizi akipita katikati ya wazuiaji wawili, kila mmoja anaweza kuonekana mzembe, ilhali mmoja wao alifanya alichoambiwa hasa. Alama inaandikwa na mtu, na mtu huyo hakuwepo kwenye kikao cha timu.

Ndipo zikaja chipu. Kuanzia mwaka 2014 ligi ilianza kupachika vifaa vidogo vya redio kwenye mabega ya wachezaji, na mwaka uliofuata vikaenea ligi nzima. Mahali alipo kila mchezaji kunarekodiwa mara 10 kwa sekunde. Mwaka 2018 kituo cha ESPN, kwa kazi ya Brian Burke, rubani wa zamani wa jeshi la majini la Marekani aliyegeukia takwimu, kilitoa kipimo kilichokata mzizi wa tatizo la angusho. Hakijali kama kwotabeki ameanguka. Kinauliza: je, mvamizi amempita mzuiaji wake ndani ya sekunde 2.5? Akimpita, ameshinda, hata kama kwotabeki amewahi kutupa mpira, hata kama amechomoka. Mzuiaji akidumu sekunde 2.5, ameshinda yeye, hata kama kwotabeki amezubaa na kuangushwa sekunde ya tano. Tena kompyuta inaona mvamizi anapozuiwa na watu wawili, jambo ambalo zamani lilimfanya mchezaji bora aonekane hana kazi.

Kwa kipimo hicho tendo la Nashville lingegawanyika. Kumpita mzuiaji, kama alifanya hivyo kwa wakati, kungeandikwa ushindi. Kumwachia Young kungebaki kosa, mahali pake. Hiyo ndiyo haki ninayoizungumzia: si kumfutia mtu kosa, bali kuliandika lisimeze kazi iliyolitangulia.

Kiwanuka hakufaidi. Maisha yake ya uchezaji yaliendelea kwa kuhamahama. Mwaka 2008 Umenyiora aliumia goti kabla ya msimu kuanza, Kiwanuka akarudishwa safu ya mbele, akapata maangusho 8, mengi kuliko msimu wake wowote. Mwaka 2010 alikuwa na 4 katika mechi tatu za mwanzo, kisha diski ya shingo ikamtoa uwanjani msimu wote uliobaki. Alirudi, akapelekwa tena nyuma ya safu, namba zikashuka kwa sababu kazi ilikuwa nyingine. Tarehe 5 Februari 2012 alicheza fainali mjini Indianapolis, mji aliozaliwa, na Giants wakawafunga Patriots tena, 21–17. Aliachwa na timu mwezi Machi 2015, baada ya msimu wa 2014, ule ambao chipu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Jumla yake ni 38.5. Mtu anayeisoma namba hiyo bila kujua alivyohamishwa, alivyovunjika na alivyorudi, atamhukumu vibaya.

Tanzania bado tuko kwenye hatua ya kilo. Mfungaji bora wa Ligi Kuu tunampata kwa kuhesabu mabao, na hakuna anayebisha. Beki bora tunampata kwa maoni, na mabishano hayaishi. Beki aliyemlazimisha mshambuliaji kupiga akiwa amegeukia pembeni, shuti likaenda nje, hana anachoandikiwa, na kijana anayecheza nafasi hiyo kwenye uwanja wa vumbi Bariadi hana karatasi ya kumwonyesha msajili kutoka Dar es Salaam. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu zana si ghali kama tunavyodhani. Turney na Webster walitumia kumbukumbu za zamani na uvumilivu. Hornsby alianza na mikanda ya video. Mechi za ligi zetu sasa zinarushwa na kurekodiwa. Anayetaka kuanza anahitaji watazamaji wachache waliokubaliana kanuni moja kabla ya kuanza kuhesabu, na ustahimilivu wa kurudia mkanda.

Hata takwimu zao wenyewe Wamarekani hawazifungii zote. Tangu mwaka 2019 NFL huendesha shindano la kila mwaka la uchambuzi, ikiweka sehemu ya takwimu za chipu kwenye mtandao kwa yeyote anayetaka kuzipakua. Shindano la mwaka 2023 lilikuwa la safu ya mbele: mikupuo ya pasi ya wiki nane za kwanza za msimu wa 2021, mahali pa kila mchezaji kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde, pamoja na alama za watazamaji wa Pro Football Focus zikionyesha nani alimzuia nani na nani alipitwa. Faili hizo zinapakuliwa Bariadi sawa na Boston. Aliyezoea kuhesabu mistari ya bugobogobo anaweza kuzifungua na kutafuta kipimo cha kitu ambacho washindani wengi walihangaika nacho: mzuiaji anayemaliza kazi yake mapema, akageuka kumsaidia jirani.